Je, Wajua? Upepo Kwanza, Brashi Baadaye

Je, wajua kuwa Probox, gari ambalo msafiri yeyote wa Kisii amewahi kubanana ndani yake, huuzwa pia likiwa vipande vya plastiki ndani ya boksi? Kampuni ya Aoshima ya Japani hulitengeneza kwa kipimo cha 1 kwa 24. Bodi, viti, taa na magurudumu hufika vikiwa vimeshikana kwenye fremu nyembamba. Kazi ya mnunuzi ni kuvikata, kuvisugua, kuviunga kwa gundi na kuvipaka rangi. Gari likikamilika huwa na urefu wa sentimita 17 na kitu. Aoshima wana HiAce vilevile, na kwa kipimo hicho hufika sentimita 19.6, kwa kuwa HiAce ya kawaida yenyewe ina urefu wa mita 4.695.

Aoshima wako Shizuoka. Tamiya, jina linalojulikana zaidi duniani katika kazi hii, nao wako Shizuoka. Tamiya walianza mwaka 1946 wakipasua mbao. Moto ukateketeza mbao zao mwaka 1951, wakageukia modeli za mbao, na mwaka 1960 wakatoa modeli yao ya kwanza ya plastiki, meli ya kivita Yamato. Wakulima wa chai wa Kebirigo, Tombe na Sanganyi watapenda kusikia kwamba Shizuoka hiyo hiyo ndiyo mojawapo ya ngome za majani chai nchini Japani.

Vijana wengi wa Gusii walijifunza kuunda magari kabla hawajaona boksi la namna hiyo: bodi ya mkebe wa mafuta ya kupikia, fremu ya waya, magurudumu yaliyokatwa kwenye ndara kuukuu. Mkono wa kuunda wanao tayari. Kinachowatenga na mwenzao wa Shizuoka ni rangi, na hapo ndipo swali la eabrashi linapoingia. Eabrashi ni brashi isiyo na nywele. Upepo ulioshindiliwa ndio unaobeba rangi na kuitandaza. Mtu akiitaka huuliza kwanza ni kampuni gani iliyo bora. Nina hakika swali hilo limeanzia mwisho. Mkazi wa Daraja Mbili mjini Kisii ajiulize kwanza upepo wake utatoka wapi, halafu ajiulize ni rangi gani anayoweza kuipata bila kuagiza ng'ambo. Akishayajibu hayo mawili, aina ya eabrashi inayomfaa itakuwa imejulikana, na jina la kampuni litabaki jambo dogo.

Je, wajua kuwa rangi nayo ina kipimo? Rangi ya gari halisi, tangu praima hadi vanishi ya juu, huwa na unene wa takriban milimita 0.1. Ukiipaka Probox ya 1 kwa 24 unene huo huo, ni sawasawa na gari la kweli kupakwa rangi ya milimita 2.4. Mistari ya milango huzibika, vishikio hupoteza kona, maandishi ya nyuma humezwa. Kwa ndege ya 1 kwa 72 hali ni mbaya zaidi: milimita 7.2. Brashi ya nywele, hata ikishikwa na mtu stadi, huacha rangi nyingi kuliko modeli inavyoweza kustahimili. Eabrashi hutandaza tabaka la maikroni chache kwa kila mpito, na maikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Hiyo ndiyo sababu ya kuitafuta, hata kabla ya ule upole wake wa kuchanganya rangi mbili bila mpaka kuonekana.

Kipimo cha 1 kwa 72 kilitokana na hesabu ya Waingereza: inchi moja kwenye modeli ni futi sita kwenye kitu halisi. Kile cha 1 kwa 35 hakikutokana na hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tamiya walitaka kifaru cha Panther kiwe na nafasi ya kutosha mota na betri ndani, wakakipa ukubwa huo, na dunia nzima ikawafuata. Na kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939, haikuanza na ndege za kivita kama wengi wanavyodhani. Modeli yake ya kwanza ya kuunganisha ilikuwa trekta la Ferguson, mwaka 1949, lililoundwa kwa ajili ya mawakala waliokuwa wakiuza trekta lenyewe.

Je, wajua kuwa eabrashi ilizaliwa kwa njia ambayo fundi yeyote wa jua kali angeitambua? Mwaka 1876 Francis Edgar Stanley wa Marekani alipewa hataza ya kifaa cha kunyunyiza rangi. Huyo ndiye Stanley ambaye baadaye, pamoja na pacha wake, alipata sifa kwa magari ya mvuke. Kifaa chake hakikuwa na upepo usiokatika. Upepo huo ulipatikana mwaka 1879, Abner Peeler wa jimbo la Iowa alipounda chombo kilichosukumwa na pampu ya mkono. Alikiunda kwa mabaki ya karakana ya sonara, yakiwemo bisibisi kuukuu na vipande vya vifaa vya kuchomelea. Liberty Walkup wa Illinois akakiendeleza na kukiingiza sokoni mwaka 1883, wateja wake wakubwa wakiwa watu wa studio waliorekebisha na kutia rangi picha za kamera. Kisha akaja Charles Burdick, ambaye muundo wake ulionyeshwa Chicago kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1893. Eabrashi za leo ni wazao wa ule wa Burdick.

Maonyesho hayo ya Chicago yalikuwa na rangi nyingine ya upepo. Majumba yake yalikuwa meupe yote, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, mchoraji Francis Davis Millet, aliyesimamia upakaji, aliacha brashi na kutumia mashine za kunyunyiza. Millet alifia katika meli ya Titanic mwaka 1912. Bunduki ya rangi ya gereji, kwa upande wake, ina asili ya zahanati. Allen DeVilbiss, daktari wa Toledo, Ohio, alibuni chombo cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa katika miaka ya 1880. Kampuni iliyotokana na chombo hicho ndiyo iliyokuja kujulikana kwa bunduki za kupakia magari.

Tofauti ya bunduki ile na eabrashi ni ya ukubwa wa tundu. Bunduki ya gereji mara nyingi ina nozeli ya milimita 1.3 au 1.4. Eabrashi ya modeli ina 0.2, 0.3 au 0.5. Ukilinganisha eneo la tundu la 1.4 na la 0.3, lile kubwa ni karibu mara 22 ya lile dogo. Kwa hiyo fundi hodari wa kupaka matatu anaweza kushika eabrashi na kushangaa kwamba rangi aliyoizoea haitoki. Rangi ni ile ile. Mlango ndio mdogo.

Ndani ya eabrashi mna sindano ndefu iliyochongoka, ambayo ikisukumwa mbele huziba tundu la nozeli. Triga ikiirudisha nyuma, tundu hufunguka kidogo kidogo. Upepo unaopita kwa kasi kuizunguka ncha hupunguza presha pale mbele, rangi huvutwa nje, nao upepo huivunjavunja ikawa ukungu. Katika eabrashi za kitendo kimoja, kubonyeza triga hutoa upepo na rangi kwa pamoja, kwa kiasi ulichokipanga kwa skrubu. Katika zile za vitendo viwili, kubonyeza hutoa upepo na kuvuta nyuma hutoa rangi. Wapo wanaomshauri anayeanza achukue ya kitendo kimoja kwa kuwa ni rahisi. Sikubaliani nao. Madoa mengi ya mwanafunzi hutokea rangi inapoanza au kukoma, na kile chombo cha vitendo viwili humruhusu auanzishe upepo kabla ya rangi na kuukomesha baada ya rangi. Kidole hujifunza haraka.

Kuna pia suala la mahali rangi inapokaa. Kikombe kikiwa juu, rangi hushuka kwa uzito wake, presha ndogo inatosha, na matone machache yanapaka mlango mzima wa Probox. Chupa ikiwa chini, rangi lazima ifyonzwe kwenda juu, hivyo inahitaji presha zaidi, lakini unaweza kuwa na chupa tano za rangi tano na kuzibadilisha upesi. Kwa magari ya sentimita 17, kikombe cha juu. Kwa sanamu au ubao wa kuchora, chupa.

Sasa upepo wenyewe.

Mjini Kisii upepo haujaadimika. Kila penye fundi wa puncture pana kompresa. Modeli huhitaji psi 15 hadi 25, chini ya presha ya tairi la gari dogo. Kompresa ya gereji hutoa zaidi ya psi 100, kwa hiyo kinachokosekana si nguvu bali regyuleta ya kuipunguza hadi kiasi hicho na kuiweka pale pale bila kuyumba. Mtu asiye na uwezo wa kununua kompresa ndogo ya eabrashi anaweza kupatana na jirani mwenye tangi, akanunua regyuleta nzuri na mpira mrefu. Ningemshauri atumie fedha zake hapo kabla ya kuzitumia kwenye eabrashi ya bei ghali. Eabrashi ya kawaida yenye upepo uliotulia hupaka vizuri kuliko ile ya kifahari inayopigwa na upepo wa kudunda.

Je, wajua kuwa tangi la lita 24 ni bima dhidi ya stima kupotea? Lijaze hadi baa 8 na ulitumie hadi lishuke kufikia baa 2: umepata lita 144 za hewa ya kawaida. Eabrashi inayokula lita 12 kwa dakika itafanya kazi dakika 12 baada ya taa kuzimika, muda unaotosha kumaliza upande mmoja na kuosha chombo kabla rangi haijakaukia ndani. Tairi la akiba nalo limewahi kuwa kompresa ya maskini. Huko Ulaya na Marekani waliuza hadi viunganishi vya kulifunga kwenye mpira wa eabrashi. Tairi la gari dogo lina nafasi ya lita 20 hivi, na kutoka psi 35 hadi 20 halikupi zaidi ya dakika mbili. Tyubu ya lori ndiyo yenye maana.

Njia nyingine ni kompresa iliyotolewa kwenye friji bovu. Wapenzi wa modeli duniani kote wameipenda kwa sababu haina kelele. Unaweza kupaka usiku na mtoto amelala chumba cha pili. Kasoro yake ni mafuta. Ndani ya friji, mafuta yanayosafiri na gesi huzunguka na kurudi. Ikipewa hewa ya kawaida, kompresa huyatema mafuta polepole kwenye mpira, na tone moja la mafuta juu ya bodi huifanya rangi ijikunje na kuacha duara tupu. Kwa hiyo lazima iwe na tangi dogo la kutulizia hewa, kichujio, na mafuta yaangaliwe kila mara. Gesi iliyomo itolewe na fundi wa friji mwenye vifaa, isiachiliwe hewani.

Hapa Kisii kuna jambo ambalo maelekezo ya ndani ya boksi huligusa juu juu tu: maji. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke. Jioni ya mvua, unyevu ukiwa asilimia 80, tayari kila mita ya ujazo imebeba gramu 14. Zishindilie mita tatu ziwe moja: umekusanya gramu 42 mahali panapoweza kubeba 17, na zile 25 zilizozidi zitakuwa maji. Hazitokei mara moja, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa ni ya moto na hewa ya moto hubeba zaidi. Hupoa ikiwa njiani, ndani ya mpira, na maji hutemwa katikati ya mlango uliokuwa karibu kukamilika. Ndiyo maana kichujio cha maji hakipaswi kubanwa kwenye kompresa yenyewe. Kiweke mbali, mwisho wa mita kadhaa za mpira, hewa ikiwa imekwisha kupoa. Na tangi limwagwe maji kila baada ya kazi, la sivyo litaoza kutoka ndani.

Mwinuko nao una kodi yake. Presha ya hewa ya Kisii ni takriban asilimia 82 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo kompresa ile ile huvuta hewa nyepesi kila pistoni inaposhuka na hukawia zaidi kulijaza tangi. Geji ya psi haidanganyi, maana hupima tofauti kati ya ndani na nje, lakini mota itafanya kazi muda mrefu na kupata moto. Ukinunua kompresa ndogo, chukua yenye uwezo unaozidi kidogo ule ulioandikiwa kuwa unatosha. Mtu wa Mombasa hana haja ya ziada hiyo.

Baada ya upepo, rangi. Chupa ndogo za rangi za modeli, za Tamiya au Vallejo, mara nyingi ni za kuagizwa. Rangi iliyo karibu ni ya magari, ile ambayo mafundi huiita NC. Asili yake ni nitroselulosi, jamaa wa baruti ya pamba, na ilibadilisha viwanda vya magari ilipotokea mwaka 1923 kwa jina la Duco: kabla yake, kupaka gari kuliweza kuchukua majuma. NC hukauka kwa dakika, hutandazika nyembamba, husuguliwa vizuri, na duka la rangi huweza kukuchanganyia rangi ya gari lolote kwa kibati kidogo. Kwa gari la mkebe wa mabati haina mpinzani. Kwa gari la plastiki ni hatari, sababu thina yake huila plastiki. Anayeitumia juu ya plastiki hutanguliza praima, hupuliza ukungu mkavu na mwembamba mara kadhaa, na hujaribu kwanza kwenye fremu ya kutupa.

Rangi yoyote utakayoipata, ichanganye hadi iwe nyepesi mithili ya maziwa freshi, isifanane na maziwa lala. Kisha kumbuka ukubwa wa mlango wa nozeli. Silva na rangi nyingine za metaliki zina vipande vidogo vya alumini, na rangi za maji za bei nafuu zina unga uliosagwa kwa ukali, vyote vikiwa adui wa nozeli ya 0.2. Anayepaka kwa rangi za dukani Kisii achukue 0.3 hadi 0.4. Ile ya 0.5 ni nzuri kwa praima na vanishi. Nozeli ya 0.2 ni ya mtu anayechora uso wa dereva kwenye kioo cha modeli.

Je, wajua kuwa thina inaweza kuiua eabrashi kimya kimya? Ndani yake mna viduara vya kuzuia kuvuja. Vikiwa vya mpira wa kawaida, thina ya NC huvivimbisha, sindano hukwama, na rangi hupenya nyuma hadi kwenye triga. Vinavyostahimili ni vile vyeupe vya PTFE, plastiki iliyogunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont tarehe 6 Aprili 1938, alipokuwa akitafiti gesi za friji. Kwa mtu wa rangi za magari, neno PTFE kwenye maelezo ya eabrashi lina uzito kuliko jina la nchi ilikotengenezwa.

Kuhusu kampuni, nitasema machache. Iwata ni Wajapani walioanza mwaka 1926; Paasche walianzia Chicago mwaka 1904; Harder & Steenbeck ni Wajerumani. Tofauti ambayo mnunuzi ataihisi mkononi ni nozeli. Katika eabrashi nyingi za bei ya chini, nozeli ni kipande cha shaba kidogo mno chenye uzi wa skrubu, kinachokazwa kwa spana ya kitoto. Kaza kupita kiasi na uzi hukatikia ndani. Katika Iwata Eclipse au Evolution ya Harder & Steenbeck, nozeli huwekwa tu mahali pake bila uzi na kofia ya mbele ndiyo inayoibana. Hata hivyo, eabrashi ya bei nafuu ambayo sindano na nozeli zake za akiba unazo nyumbani ni bora kuliko ya kifahari ambayo ikivunjika itakaa kabatini ikisubiri kifurushi.

Je, wajua kuwa sheria ya matatu ya Kenya inaweza kupimwa kwa rula ya mwanafunzi? Kanuni ambazo Wakenya huziita za Michuki, kwa jina la waziri John Michuki, zilianza kutekelezwa mwaka 2004 na kuamuru kila matatu iwe na mstari wa manjano wa upana wa milimita 150. Kwenye HiAce ya 1 kwa 24 huo ni mstari wa milimita 6.25. Kata masking tepu mbili, acha nafasi hiyo katikati, puliza. Lakini manjano ni rangi isiyofunika: ikipakwa juu ya bluu hugeuka kijani chafu. Tanguliza nyeupe ndani ya nafasi ile, kisha manjano, na uondoe tepu kabla rangi haijawa ngumu. Tepu yenyewe ilitoka gereji. Richard Drew wa kampuni ya 3M aliwaona mafundi wa magari wakihangaika kupaka rangi mbili bila kuzichafua, na mwaka 1925 akawapa dawa. Michoro ya matatu, ambayo ilitoweka baada ya kanuni zile, ilipata baraka tena mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipoiunga mkono hadharani. Wachoraji wa nyuso za wasanii na wanasoka kwenye matatu za Nairobi ni miongoni mwa Wakenya wanaoijua eabrashi kuliko wote. Kijana anayeitaka ajifunze kwao kabla ya kutafuta mwalimu wa mbali.

Na hapo jirani, Tabaka, kuna watu wanaojua rangi kwa namna nyingine. Ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jiwe la sabuni likishachongwa husuguliwa kwa msasa na maji, kisha baadhi ya vinyago hupakwa rangi na kuchorwa kwa ncha kali hadi weupe wa jiwe utokeze. Rangi ya kuyeyuka haina unga ndani yake, kwa hiyo hupita kwenye nozeli ya 0.2 bila kuiziba, na jiwe huinywa. Eabrashi juu ya jiwe hilo ingeweza kufifisha rangi kutoka mgongo wa kiboko hadi tumboni, jambo ambalo kitambaa hakiwezi. Sharti moja: vumbi lote lioshwe na jiwe likauke hadi ndani, maana jiwe lenye maji huisukuma rangi nje kwa madoa.

Je, wajua kuwa rangi sahihi inaweza kuonekana si sahihi? Ukiipaka Probox ndogo rangi ile ile ya kiwandani, itaonekana nzito na nyeusi mno. Tunapoliangalia gari la kweli tuko mbali nalo, na hewa iliyo katikati huipunguza rangi makali, vile vile inavyovifanya vilima vya Manga vionekane vya samawati ukiwa mjini. Modeli ya sentimita 17 tunaishika mkononi. Kwa hiyo wapakaji wengi huongeza tone la nyeupe au kijivu, zaidi kadiri modeli inavyokuwa ndogo. Nyeusi hugeuzwa kijivu kizito. Watu wa 1 kwa 72 hubishana sana kuhusu kiasi.

Kuhusu mapafu sitaki ubishi. Ukungu wa eabrashi ni mdogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya kifua. Barakoa ya kitambaa au ile ya buluu ya hospitali haizuii mvuke wa thina. Inahitajika ile ya vichujio viwili vya mkaa, nayo ihifadhiwe ndani ya mfuko uliofungwa, kwa kuwa mkaa huendelea kunyonya hata ukiwa umelala. Rangi za magari za 2K, zile zinazochanganywa na hadina, zina isosianeti, kemikali inayojulikana kuwasababishia wapakaji pumu isiyoondoka. Kwenye chumba cha kulala, au veranda wanamochezea watoto, 2K isiingie kabisa. NC nayo hushika moto upesi: jiko la mkaa, mshumaa na sigara vikae mbali.

Mwisho, kwa anayeikuta eabrashi ya mitumba. Mwombe muuzaji maji safi na kipande cha kioo. Itoe sindano na uivingirishe juu ya kioo. Ncha ikirukaruka, imepinda, na sindano iliyopinda hutema rangi upande mmoja. Angalia mdomo wa nozeli kwa jicho la karibu, utafute ufa mwembamba. Kisha irudishe, tia maji kwenye kikombe, unganisha upepo na ubonyeze triga. Mapovu yakitokea kikombeni, upepo unarudi nyuma badala ya kwenda mbele: nozeli haijakaa sawasawa, imepasuka, au kizibo chake kimekwisha, na bei inapaswa kushuka kwa kiasi cha nozeli mpya.